Mama Aliyeshiba kwa Kuonja

Mama yangu hawezi kupika chakula cha watu wachache. Ukimwomba akupikie wali wako peke yako atauliza wengine wako wapi, kisha atawapikia hao wengine ambao hawapo. Hiyo ndiyo kazi iliyotusomesha, mimi na ndugu yangu mdogo: harusi, mazishi, mahafali, ruracio za kupeleka mahari, sherehe za kanisa, chochote ambacho watu wa Kitengela walikiona kinastahili tenti na sahani za kukodi. Ana sufuria ambazo mtoto anaweza kujificha ndani yake. Ndugu yangu aliwahi kujificha humo, akapitiwa na usingizi, na nusura apikwe pamoja na matumbo. Sasa ni mwanamume mwenye ndevu na bado mama humtambulisha kwa wageni kama mtoto aliyekaribia kuwa mchuzi.

Wapishi wa sufuria kubwa huonja kwa kiganja. Mama huchota mchuzi kwa mwiko, anaudondosha katikati ya kiganja cha kushoto, analamba, anafikiri kidogo, kisha anasema "chumvi" au anasema "wacha hivyo." Hufanya hivyo kuanzia asubuhi mpaka wageni wanaponawa mikono, na kila anayepita jikoni humwona mdomo ukifanya kazi. Wageni wakishakula huja zamu ya wapishi, na mtu akimwambia aketi naye ale, jibu lake lilikuwa moja tu: "Nimeonja mpaka nimeshiba." Hakuna aliyebishana nalo. Lilikuwa jibu la maana, na lilisemwa na mtu mwenye mwiko mkononi.

Baba alikufa kwa kiharusi. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyependa mbuzi mwenye mafuta yanayotiririka hadi kwenye kiwiko, na aliangukia mlangoni pa duka la jirani akiwa katikati ya hadithi. Daktari alitueleza habari za presha, mafuta na mishipa iliyoziba. Mama alisikiliza yote kwa umakini ambao sijawahi kuona akiutoa kwa mhubiri yeyote. Miezi michache baadaye naye akapimwa, presha ikaonekana imepanda, akaambiwa apunguze mafuta, apunguze chumvi, na apunguze mwili kidogo.

Sasa, mama yangu ni mtu asiyejua maana ya kidogo. Mwambie afagie uwanja, atafagia na barabara ya jirani. Alianza kwa kuacha mafuta, na hilo lilikuwa jambo jema. Akaacha nyama. Kisha kila kitu kilichowahi kukaa karibu na nyama kikawa na hatia. Muuguzi aliyempima akampongeza kwamba presha imeshuka. Kanisani wakamwambia amerudi usichanani. Mama, ambaye tangu kuzaliwa hajawahi kusifiwa kwa kitu kingine zaidi ya pilau, aliipenda hiyo sifa, na nani angemlaumu? Akaendelea kupunguza.

Alipika kama kawaida. Hilo ndilo lililotupumbaza wote. Mtu anayechinja, anayekaanga, anayekupigia kelele umalize sahani yako, unawezaje kufikiri kwamba yeye mwenyewe hali? Nyumbani alitupakulia, akazunguka meza akiongeza hapa na pale, akarudi jikoni kutafuta kitu, na tulipomaliza yeye alikuwa tayari anaosha vyombo. Ndivyo akina mama wengi ninaowajua wanavyokula, yaani hakuna aliyewahi kuwaona.

Lakini mwili wake ulikuwa ukisema. Kwanza ilikuwa baridi. Kajiado, kaunti yetu, ina jua ambalo hata mbuzi hulikimbia, na mama yangu angekuwa kando ya moto wa kuni, adhuhuri, amevaa sweta juu ya sweta, vidole vyake vimekuwa vya rangi ya zambarau kwenye kucha. Nywele zilikatika mpaka akaacha kwenda kusuka, akawa mtu wa kitambaa kichwani kila siku. Wakati huohuo mikononi mwake kuliota vinyweleo laini, kama vya mtoto mchanga, na nilipoviona nilimtania kwamba anageuka kuwa kondoo. Alicheka. Siku hizo alikuwa akisimama kutoka kwenye kiti anashika ukuta kwanza, anangoja dunia itulie, kisha anatembea. Tukasema ni umri. Ndugu yangu alisema ni vidonda vya tumbo, kwa sababu kwetu kila kitu kisichojulikana ni vidonda vya tumbo.

Watu wengine walisema mengine, na walisema kwa sauti ya chini wakihakikisha tunasikia. Mwanamke mmoja wa kanisani alinivuta kando akaniuliza mama anakunywa majani gani, naye ayatafute. Nilimwangalia huyo dada wa watu, nikatamani kumpa kikombe cha maji tuliyooshea matumbo ya ng'ombe, nimwambie ni siri ya familia. Sijaokoka kiasi cha kumsamehe.

Mtu pekee aliyemkemea mama waziwazi ni rafiki yake, Mmaasai wa Kisaju ambaye walianza naye kazi ya upishi wakiwa na sufuria ya kuazima. Mama alimpa kondoo wakati mwana wa rafiki huyo alipooa, na kwa desturi ya Wamaasai waliopeana kondoo huitana Paker, kwa hiyo wao wawili wote ni Paker, na sisi wengine tumezoea kumwita huyo wa Kisaju kwa jina hilohilo. Akifika kwetu huanzia langoni kupaza salamu, "Takwenya!" na mama humjibu "Iko!" kwa lafudhi ya Kikuyu cha Murang'a inayomfanya Paker acheke kila mara kama ni mara ya kwanza.

"Paker, wewe umeisha," alimwambia siku moja wakichambua mchele. "Ata hii upepo ya Kisaju itakubeba."

"Niko sawa. Presha imeshuka."

"Imeshuka na wewe ukashuka nayo."

Mama akambadilishia hadithi. Ni hodari sana wa kubadilisha hadithi.

Halafu tukapata ruracio kubwa upande wa Kajiado mjini, bwana harusi Mmaasai, bibi harusi Mkikuyu, wazee wa pande zote mbili wamekuja na kofia na fimbo na njaa. Mama alikuwa akivuka kutoka kwenye moto kwenda kwenye meza ya kupakulia alipojikwaa kwenye kamba ya tenti. Hakuanguka vibaya. Aliangukia nyasi, polepole, mkono mmoja mbele, anguko ambalo mtoto angeinuka akikimbia. Mkono ukavunjika. Niliusikia ukilia, sauti ndogo ya kijiti, na mama akabaki ameketi pale chini anauangalia kama kitu cha mtu mwingine. Kisha akaniambia nigeuze nyama.

Ndugu yangu aliendesha pikapu, nikaacha jikoni mikononi mwa Paker, tukampeleka kwenye zahanati ya karibu. Daktari wa pale alikuwa kijana mpole mwenye usingizi machoni. Alipiga picha ya mkono, akaufunga plasta, akaangalia ile picha tena dhidi ya mwanga wa dirisha. Akashika kifundo cha mkono ule mzima, akahesabu mapigo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Mama, leo umekula nini?"

"Nimeonja."

"Sijauliza kuonja. Umekula nini? Jana je?"

Mama akanitazama mimi ili nimsaidie kujibu. Mimi nikamtazama ndugu yangu. Kati yetu watu wazima wawili, waliolelewa na huyo mwanamke na kunenepeshwa naye, hakuna aliyeweza kusema ni lini alimwona akiteremsha tonge. Daktari hakutugombeza. Alisema mfupa haupaswi kuvunjika kwa anguko la nyasi, mifupa hii imekuwa myepesi kwa sababu mwili umekosa chakula muda mrefu ukaanza kujila wenyewe. Alisema moyo nao ni msuli, nao unaliwa, ndiyo maana unapiga polepole hivi. Akatuambia tumpeleke hospitali kubwa juma lile akapimwe damu.

"Na ule, mama. Usipokula utakufa, na sikutishi."

Ilikuwa Alhamisi. Tukasema tutaenda hospitali kubwa Jumatatu.

Mama aliogopa. Nilimwona akiogopa, njia nzima, ameukumbatia ule mkono wa plasta, midomo imekauka. Alikuwa ameacha kula kwa sababu aliogopa kufa, na sasa mtu amemwambia atakufa kwa kutokula, na hapakuwa na mahali pengine pa kukimbilia. Tulipofika Kitengela alisema kwa sauti ndogo, "Sawa. Nitakula." Nikambusu kichwani juu ya kile kitambaa. Nilifurahi mno.

Habari zilifika kwa wanawake wa chama chake cha kuchangiana kabla hatujazima injini. Na hapa ndipo lazima niwaeleze wasomaji wanaotoka mbali jinsi sisi tunavyompenda mtu aliyedhoofika. Kwa Wakikuyu, mwanamke aliyejifungua hupelekewa njahi, yale maharagwe meusi mazito, na ndizi zilizopondwa, na uji mchachu wa ndoo nzima. Hakuna anayeuliza kama anataka. Kwa Wamaasai, mama mzazi huchinjiwa kondoo, akanyweshwa mafuta yake yakiwa moto. Mama yangu hakuwa amejifungua chochote isipokuwa siri, lakini alikuwa amekonda na amevunjika na amesema atakula, na hao wanawake walijua dawa moja tu ya hali hiyo. Walikuja wakiimba, vyombo vichwani na mikononi, na sebule yetu ikajaa mvuke. Paker akaja na supu ya kondoo kwenye mtungi, mafuta yake yakielea juu, kina cha kidole, na akasimama juu ya mama mpaka kikombe kikawa tupu.

Na mama akala! Akala njahi, akala ndizi, akanywa uji, akanywa supu, akaomba Mungu ampe nguvu, akala tena. Alikula kama alivyoacha kula, bila kujua nusu. Wanawake wakapiga vigelegele kila sahani ilipoisha. Ndugu yangu alitoka nje akajifanya anakagua magurudumu, na nilipomfuata nikamkuta anafuta macho. Ijumaa ile na Jumamosi zilikuwa siku tamu kuliko zote nyumbani kwetu tangu baba aondoke. Nilimwambia Mungu asante nikiwa naosha vyombo, kwa sauti.

Jumapili viatu vya kanisani havikumwingia. Mama alifurahi, akaniita nione. "Angalia, nimeanza kunona." Nikaubonyeza mguu wake juu ya kifundo, na kidole changu kikaacha shimo ambalo halikurudi. Uso nao ulikuwa umejaa, lakini macho yalikuwa mbali. Alitaka kuniambia jambo akasahau katikati. Kisha akasema kifua kinapigapiga ovyo, kinaenda kinasimama, akaketi kitandani akihema kama aliyepanda kilima. Hatukuenda kanisani. Tulikwenda hospitali kubwa, na safari hii hakuna aliyesema tungoje Jumatatu.

Walimwunganisha na mashine ya moyo na dripu kabla hata sijamaliza kutaja umri wake. Daktari wa hospitali hiyo alikuwa mwanamke wa makamo, mnyoofu wa maneno, aliyevaa miwani juu ya paji la uso na kuitafuta mezani. Jioni alitukalisha kwenye benchi, mimi, ndugu yangu na Paker aliyekuwa ameshika mtungi wake mtupu bila kujua kwa nini ameubeba.

Alitueleza hivi. Mtu akikaa na njaa muda mrefu, mwili hujifunza kuishi kwa kidogo, na madini ya damu yanayoendesha moyo na misuli hupungua. Chakula kingi kikiingia ghafla, mwili unaamka wote kwa pamoja, unayavuta hayo madini kidogo yaliyobaki yakasaidie kukichoma hicho chakula, na moyo unaachwa bila chochote. Maji nayo yanajaa miguuni. Wengine hufa hivyo, wakiwa wameshiba.

"Hali yake bado sio nzuri," alisema. "Siku chache zinazokuja ndizo zitatuambia kama moyo utashikilia."

Paker akaweka mtungi chini. "Mimi ndiye nimemuua," alisema. "Nimemuua rafiki yangu na kondoo."

"Hapana, mama. Chakula yako ilikuwa nzuri. Ni ile mbio ya kumpa ndiyo mbaya. Hukujua na hakuna mtu alikuambia."

Paker hakusikia. Alijifunika uso kwa shuka yake ya mabegani akalia bila sauti, mabega tu yakitikisika, na mimi niliyekuwa nimejiandaa kumkasirikia mtu yeyote nikajikuta nimemshika mkono. Mkono wake ulikuwa bado unanuka moshi na mafuta ya kondoo. Ni harufu ya utoto wangu wote, na nilimpenda sana saa ile.

Walimlisha mama maziwa kwa kijiko, kidogo sana, kwa saa zilizopangwa, huku wakimrudishia madini na vitamini kwenye mshipa. Niliketi naye mchana, ndugu yangu akanipokea jioni. Moyo ulikosea hatua mara nyingi, na kila mashine ilipolia nilisimama kama askari. Siku ambayo uvimbe wa miguu ulianza kupungua, alinigeukia akaniambia nina harufu ya jasho. Nikajua amerudi.

Yule daktari alipomwambia jina la ugonjwa wake, kwamba ni ugonjwa wa kula, mama alikasirika kabisa.

"Hiyo ni ya wasichana wa shule," alisema. "Mimi ni mpishi."

"Ugonjwa huu hauangalii kazi ya mtu," daktari akamjibu. "Wala umri. Niambie tu, ukikaa na chakula mbele yako, unaona nini?"

Mama akageuza uso, daktari akaona asilazimishe, akatoka. Tukabaki wawili. Nilikuwa nimekuja na mchuzi wangu mwenyewe wa chakula cha mchana kwenye kikopo, na mfuniko wake ulikuwa umeachwa umepinduliwa juu ya kabati, na mafuta yalikuwa yameganda juu yake, meupe. Mama alikuwa akiuangalia huo mfuniko.

"Toa hiyo hapo," alisema. Nikauondoa. Kisha akasema, bila kunitazama, "Ikiganda hivyo, naona ile kitu ilikuwa ndani ya baba yako. Naona akianguka. Kila siku nikipika. Nawapea watu wakule na naomba Mungu awalinde, lakini yangu haipiti. Nikijaribu kumeza naskia koo imefunga."

"Kwa nini hukutuambia, Mum?"

"Ningewaambia nini? Kwamba mpishi anaogopa chakula?"

Nilipanda kitandani nikalala kando yake, kwenye kile kitanda chembamba, nguo na viatu, muuguzi akapita akaamua hakutuona. Mifupa ya bega lake ilinichoma. Nilikuwa na huruma iliyochanganyika na hasira, hasira kwa baba kufa bila taarifa, kwa ile sifa ya usichana, kwa mafuta yenyewe. Zaidi ya yote nilikuwa nampenda huyo mwanamke mkaidi aliyekuwa amepika hofu yake kila wiki kwa miaka, akiipakulia watu, akiwaambia waongeze.

Alirudi nyumbani na masharti. Chakula kidogo, mara nyingi, kikiongezwa taratibu sana, damu ipimwe, na kila juma akaongee na mshauri aliyeelewa mambo haya. Kwa mama, ile ya mshauri ilikuwa aibu kwa muda, halafu ikawa raha, kwa sababu aligundua kwamba ni saa nzima ya kuongea bila kukatizwa. Ugumu ulikuwa kwa chama. Hebu fikiria wanawake waliojengeka kubeba ndoo, unawaambia walete kikombe. Walikaa kikao sebuleni kwetu, wakabishana kwa uchungu kama watu wanaogawa shamba, na mwishowe wakakubaliana kuja kwa zamu, kila mmoja na kikombe kimoja cha kile ambacho daktari amekubali. Mmoja alileta kikombe cha ukubwa wa jagi. Alirudishwa langoni.

Paker ndiye aliyeteseka zaidi. Alitembea kutoka steji ya matatu na kikombe cha chai kilichojaa maziwa, amekifunika kwa kisahani, anapita mbele za watu wote wanaomjua.

"Watu wanauliza kama ng'ombe zangu zilikufa," aliniambia siku moja akiwa amekasirika kweli. "Naenda kuona mgonjwa na hii kitu ya mtoto. Aibu gani hii?"

Lakini alikuja. Aliketi mbele ya mama, naye akanywa kikombe chake, funda kwa funda, hakuna aliyemtangulia mwenzake. Kulikuwa na siku ambazo mama alikataa na kutupa kikombe ukutani, na siku ambazo tumbo lilivimba na kuuma kwa kijiko cha ugali kwa sababu lilikuwa limesahau kazi yake, na daktari akatuambia hilo nalo hupita. Kulikuwa na siku ambazo nilipiga kelele nikaomba msamaha baadaye. Nywele zilianza kurudi, fupi na ngumu kama za mvulana aliyenyolewa kwa nguvu. Sweta moja ikatoka. Vile vinyweleo vya mikononi vikapukutika bila kuaga.

Mwezi uliopita nilimpeleka tena ile hospitali kubwa, Kajiado, kupimwa. Yule daktari wa miwani alimsikiliza moyo akiwa ameketi, akiwa amesimama, akiwa amelala, akatabasamu. Mama alipoenda kuvaa, daktari aliniambia mimi peke yangu kwamba moyo unaenda vizuri na damu ni nzuri. Mifupa haitarudi yote, mama atalazimika kuilinda maisha yake yaliyobaki.

"Lakini kuna kitu sina mashine ya kupima," alisema. "Anakula kwa sababu mmemwekea saa na kumkodolea macho. Hiyo imemwokoa. Siku mtaacha kumwangalia, mwili wake mwenyewe utamwita kula ama hautamwita? Kama hautamwita, tutarudi hapa tu."

Nilimuuliza tutajuaje. Akasema tutajua tu.

Niliendesha gari nikiwa na hayo maneno tumboni. Mama alikuwa ameketi kando yangu akisifu moyo wake, akisema umefaulu mtihani kuliko watoto wake. Nilimjibu "ndiyo" na "kweli." Nilikuwa nikifikiria miaka. Ni nani atamkodolea macho miaka yote hiyo? Mimi nina watoto. Paker anazeeka. Tulipofika Kisaju nilisimamisha gari kando ya barabara ninunue nyanya za kazi ya Jumamosi, nikamwacha ndani ya gari, nikainama juu ya rundo la nyanya nikizigeuza moja moja bila kuziona.

Honi ikapigwa. Kichwa cha mama kilikuwa nje ya dirisha, kitambaa kimeteleza, nywele zile za mvulana zimesimama.

"Wewe! Kwani hizo nyanya unanunua ama unaposa? Harakisha, niko na njaa!"

Nilibaki nimeshika nyanya. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipomsikia mama akisema neno hilo juu ya tumbo lake yeye, na sikuikumbuka. Haikuwa saa ya kikombe. Hakuna mtu aliyekuwa akimwangalia. Machozi yalinitoka nikiwa nimesimama pale juani, sikuyazuia, na muuzaji akadhani nalilia bei, akaanza kuniongezea nyanya juu ya zile nilizochagua, upesiupesi, akiniambia pole dada, pole. Nilikuwa bado nafuta uso nimweleze sababu wakati honi ilipolia tena, ndefu, ya mtu aliyekasirika kwa sababu tumbo lake liko tupu na anayemchelewesha ni mtoto wake.